Nianzie wapi kufundisha mtazamo wa kifeministi kuhusu data na habari za algoriti?

SWALI: Ninafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili wa uandishi wa habari katika chuo kimoja hapa Mtwara. Kila ninapofika kwenye mada ya jinsia na algoriti, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata hatua kwa hatua, wananijibu kwamba kompyuta haina jinsia, inahesabu tu, kisha darasa linageuka kuwa mabishano ya wavulana na wasichana. Sina msingi mkubwa wa hisabati. Nianzie wapi, na niwapime kwa zoezi gani?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, wakubalie wanafunzi wako kwamba kompyuta inahesabu tu, kisha uwaulize inahesabu nini, na ni nani aliyeamua kwamba hicho ndicho cha kuhesabiwa. Swali hilo ndilo mzizi wa mada yako yote, na kulijibu hakuhitaji hisabati kupita asilimia.

Ningeanza na korosho. Chora ubaoni jedwali la mauzo lenye safu za jina la mkulima, kilo, daraja, bei na akaunti ya malipo. Kando yake, wanafunzi waorodheshe kila kazi wanayoijua kutoka nyumbani, tangu palizi, kupulizia dawa, kuokota, kutenganisha korosho na bibo, kuanika, hadi kupeleka ghalani, na waandike ni nani anayeifanya. Halafu waitafute kila kazi ndani ya jedwali. Pale ambapo shamba limesajiliwa kwa jina la mume, mke aliyeinama msimu mzima akiokota hana safu inayomhusu, ingawa kilo zilizoandikwa zimepita mikononi mwake. Hakuna aliyemfuta, safu yake haikuchorwa tangu mwanzo. Kaeni hapo hata kwa vipindi viwili, kwa sababu mwanafunzi akiielewa safu isiyokuwepo, yanayofuata hayatamshinda.

Kutoka hapo, ingia kwenye habari. Shirika la habari la Associated Press lilianza mwaka 2014 kutumia programu kuandika taarifa za mapato ya kampuni, na programu ya namna hiyo hujaza takwimu katika sentensi zilizoandaliwa. Wanafunzi waandike sentensi zao za habari ya mnada, wakiacha nafasi za jina la chama cha ushirika, kilo na bei, kisha wazijaze kutoka kwenye jedwali lile. Habari itatoka sahihi kabisa kwa tarakimu zake, na bado haitaweza kamwe kutaja kazi ya mwanamke yule. Aliyesema kompyuta haina jinsia ataona mwenyewe kwamba programu imerithi uamuzi uliofanyika kwenye daftari.

Lugha yetu nayo inakupa jaribio zuri. Katika Kiswahili, “yeye ni daktari” na “yeye ni muuguzi” hazitaji mwanamume wala mwanamke. Waziingize sentensi hizo na nyingine za aina hiyo kwenye programu za tafsiri kwenda Kiingereza, waandike jinsia iliyochaguliwa, na warudie wiki nyingine, kwa kuwa programu hizo hubadilishwa mara kwa mara. Programu inapochagua jinsia, hufuata mazoea ya maandishi iliyofunzwa nayo. Oanisha jaribio hilo na Mradi wa Kimataifa wa Ufuatiliaji wa Vyombo vya Habari, ambao mwaka 1995 ulikuta wanawake ni asilimia 17 ya watu wanaosikika au kusomwa katika habari, na mwaka 2020 ukakuta asilimia 25. Mfumo unaojifunza kutoka kwenye hifadhi ya habari hizo hujifunza pia uwiano huo.

Kwa nadharia, Catherine D’Ignazio na Lauren Klein, katika kitabu chao cha Data Feminism (Ufeministi wa Data) cha mwaka 2020, wanasisitiza kuifanya kazi iliyofichika ionekane na kuzingatia muktadha. Naomba usiipuuze nukta hiyo ya pili. Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa desturi wamehesabu ukoo kwa upande wa mama, hivyo fomu inayodai “mkuu wa kaya” mmoja inaweza kuficha haki za ardhi ambazo ukoo wenyewe unazitambua. Nadharia iliyoandikwa Marekani haitakuonyesha jambo hilo. Bibi wa mwanafunzi wako anaweza.

Mabishano ya wavulana na wasichana yatapungua ukiweka sharti kwamba kinachokosolewa ni jedwali, si mtu. Kwa upimaji, kila mwanafunzi aandike habari moja inayotokana na data, pamoja na kurasa mbili zinazoeleza nani aliikusanya data hiyo, kwa kusudi gani, nani hayumo na nani anaweza kudhurika. Mimi ningetoa nusu ya alama kwa kurasa hizo mbili, na ningedai habari yenyewe iwe na sauti ya angalau mtu mmoja ambaye jedwali halikumhesabu.

Sauti hiyo ipatikane kwa ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, lakini hata pasipo sheria, kufuta jina peke yake hakutoshi: katika kijiji kidogo, mjane mwenye shamba karibu na kisima hutambulika mara moja. Mfundishe mwanafunzi aondoe pia ukubwa wa shamba, mahali lilipo na idadi ya watoto, na amsomee mama huyo alichokiandika kabla hajakileta darasani.