Usilipe hiyo "mara 525"

Ndugu, usilipe Ijumaa! Umeuliza kuhusu darubini ya milimita 60 unayotaka kununua utazame sayari, vichujio vya rangi na kupiga picha kwa simu, lakini mimi macho yangu yamekwama kwenye boksi lake lililoandikwa "mara 525", yaani eti inakuza mara 525. Ni ileile niliyonunua kwa shilingi 18,000, akiba ya miezi saba, katika duka moja la katikati ya jiji.

Kijana wa duka aliniambia namba ikiwa kubwa sayari inakuja karibu. Usiku wa kwanza nikapanda nayo juu ya gorofa yetu mtaani Umoja, nikapachika lenzi ya kutazamia iliyo ndogo kuliko zote, ya milimita 4, pamoja na ile ya kuzidisha mara 3. Mshtarii, sayari ya Jupita, ikawa doa la kijivu linalotetemeka, ikatoka nje ya kioo kabla sijavuta pumzi ya pili. Miezi mitano hivyo hivyo! Nililaumu mawingu ya Julai, nikalaumu taa za barabarani, nikaenda hata kupimwa macho.

Hesabu yao iko hivi: urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo cha mbele hadi mwanga unapokutana), milimita 700, gawa kwa 4 upate 175, zidisha kwa 3. Ndiyo 525. Hakuna aliyenieleza kwamba mwanga unaoingia ni wa kioo cha milimita 60 tu. Ukitoka mara 56, ya lenzi ya milimita 12.5, hadi 525, mwanga uleule unatandazwa kwenye eneo kubwa karibu mara 88. Kioo hicho kinakuwa kimeshatoa undani wote kilicho nao, kinachobaki kukuzwa ni ukungu. Muuzaji anayelijua hilo na kunyamaza amekuibia.

Siku moja nikaweka lenzi ya milimita 12.5, mara 56. Mshtarii ikatulia: mikanda miwili ya kahawia, na miezi yake minne mikubwa imejipanga kama shanga. Nilimwita mke wangu kwa sauti hadi majirani wakafungua milango.

Pima upana wa kioo cha mbele kwa milimita, zidisha kwa mbili, usivuke hapo. Kwa 60 ni mara 120, na juu ya mabati yanayotoa joto la mchana hata hiyo hutaifikia kila usiku. Subiri uongeze pesa, utafute kioo cha milimita 114 au 130.

Kabla ya kulipa, njoo Umoja Jumamosi jioni kama hakuna mawingu, uangalie kwa yangu. Nitakuwekea lenzi zote mbili.