Ruhusa za watumiaji katika mfumo wa ofisi: nani aone nini, nani aidhinishe nini

SWALI: Mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo chenye wafanyakazi saba mjini Morogoro. Tangu tununue mfumo wa kompyuta wa kutunzia akiba na mikopo ya wanachama, sote tumekuwa tukiingia kwa akaunti moja ya msimamizi, ambayo nywila yake imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kaunta. Mwezi uliopita marejesho ya mkopo ya Sh 480,000 yalifutwa, na mfumo unaonyesha tu kwamba aliyeyafuta ni msimamizi. Anayenyooshewa kidole ni keshia wetu, binti aliyeajiriwa juzi tu. Nimependekeza kila mtu apewe akaunti yake na ruhusa zake, lakini mwenyekiti wetu, mzee tunayemheshimu sana, anauliza iweje yeye aliyekiasisi chama anyimwe chochote. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu mhasibu, anzia kwa binti huyo. Uambie uongozi, ikiwezekana kwa maandishi, kwamba kumbukumbu ya akaunti inayotumiwa na watu saba haiwezi kumtia mtu hatiani wala kumsafisha. Aliyefuta marejesho hayo anaweza kuwa yeyote kati yenu, au hata mgeni aliyewahi kuinama chini ya kaunta. Nalitaja hili kabla ya habari za wizi kwa sababu watu wengi huamini kwamba ruhusa huwekwa pale wafanyakazi wasipoaminiana, ilhali anayekingwa zaidi na ruhusa zilizopangwa vizuri ni yule mfanyakazi wa chini, ambaye fedha zikipotea huwa hana wa kumtetea.

Kanuni yenyewe si ngeni. Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kwamba kila programu na kila mtumiaji afanye kazi akiwa na ruhusa chache kabisa zinazotosha kuikamilisha kazi hiyo. Ugumu ulikuwa katika utekelezaji, kwa kuwa kumpangia kila mtu ruhusa zake moja moja kunachosha, na watu wakihama idara ruhusa za zamani hubaki zimewaganda. Mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn, wa taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, walieleza utaratibu ambao mifumo mingi ya ofisi huufuata hadi leo: ruhusa hazipewi mtu, zinapewa jukumu, kisha mtu anawekwa katika jukumu hilo. Keshia akienda likizo, anayemshikia nafasi anawekwa katika jukumu la keshia kwa wiki hizo, kisha anaondolewa, na hakuna haja ya kumpa mtu nywila ya mwenzake.

Kwa hiyo, kabla hujaigusa kompyuta, chukua karatasi uandike kazi zinazofanyika katika chama chenu bila kutaja jina la mtu hata mmoja. Keshia anapokea akiba na marejesho na kutoa risiti, lakini hawezi kufuta alichokwisha kukiingiza. Afisa mikopo anaingiza maombi ya mikopo, ila hawezi kuyaidhinisha. Kamati ya mikopo inaidhinisha, nawe mhasibu unatoa fedha baada ya idhini hiyo kuonekana ndani ya mfumo wenyewe, si kwa simu wala kwa karatasi iliyoletwa mkononi. Ama kuhusu kufuta, rai yangu ni kwamba asiwepo mtu yeyote mwenye ruhusa hiyo. Muamala uliokosewa hurekebishwa kwa muamala mwingine wa kuugeuza, unaoombwa na mmoja, kuidhinishwa na mwingine, na kuandikiwa sababu, ili kosa na marekebisho yake vyote vibaki vikisomeka. Kama mngekuwa na utaratibu huo, zile Sh 480,000 zisingetoweka kimyakimya.

Kutenganisha kazi namna hii kunaweza kuonekana kama urasimu katika ofisi ya watu saba, lakini gharama ya kutokutenganisha inajulikana. Benki ya Barings ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1762, ilianguka Februari 1995 kwa hasara ya pauni milioni 827 zilizopotezwa na mfanyakazi wake mmoja aliyekuwa Singapore, Nick Leeson. Yeye alikuwa akifanya biashara ya masoko na wakati huohuo akiisimamia idara iliyopaswa kuhakiki biashara hiyohiyo, hivyo akaweza kuificha hasara katika akaunti namba 88888 kwa muda mrefu. Ubaya wa Leeson haukuwa siri ya teknolojia yoyote ngumu. Alikuwa na funguo mbili ambazo hazikupaswa kukaa katika mfuko mmoja.

Hapa nawe ujitazame, ndugu yangu. Katika vyama vidogo mhasibu ndiye hugeuka kuwa msimamizi wa mfumo, kwa kuwa ndiye anayeuelewa. Ikilazimu iwe hivyo, uwe na akaunti mbili zilizotengana, moja ya uhasibu wa kila siku na nyingine ya kufungua na kufunga akaunti za watumiaji, na kumbukumbu za hii ya pili zisomwe kila mwezi na kamati ya usimamizi, si nawe. Nywila ya akaunti kuu ya msimamizi ibadilishwe leo, iwekwe katika bahasha iliyofungwa na kutiwa saini na watu wawili, na bahasha hiyo ikae kwenye sefu. Ulizeni pia kama kampuni iliyowauzia mfumo bado ina akaunti ya kuingilia kwa mbali. Mara nyingi huwa inayo, tena yenye ruhusa zote, na inafaa ifungwe na kufunguliwa pale tu mnapoomba msaada. Mfanyakazi anayeondoka, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo, lakini isifutwe, kwani historia ya kazi zake itahitajika wakati wa ukaguzi.

Sasa mzee. Usimwendee na maneno ya kumnyima, maana hakuna anachonyimwa ambacho kazi yake inakihitaji. Mwenyekiti anahitaji kuona: taarifa za mapato, mikopo iliyochelewa, salio la benki, na hata orodha ya miamala yote iliyogeuzwa pamoja na majina ya waliohusika. Apewe hayo yote, tena kwa akaunti yenye jina lake. Asichohitaji ni uwezo wa kubadilisha. Mweleze kwa faragha, kwa adabu inayomstahili, kwamba siku muamala utakapotoweka, kila mwenye uwezo wa kuuondoa atahojiwa, na kwamba wewe hutaki jina la muasisi wa chama liwemo katika orodha hiyo. Mwambie pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde zisifikiwe na wasiohusika, na taarifa za wanachama wenu zimo humo.

SWALI: Ninafanya kazi mapokezi katika hospitali ndogo ya binafsi mjini Mombasa. Kwenye kompyuta yangu naweza kusoma majibu ya maabara ya kila mgonjwa, yakiwemo ya majirani zangu, na jambo hili linanikosesha raha. Mkuu wetu anasema tukizuia, mgonjwa anaweza kufa wakati daktari akitafuta ruhusa. Je, ni kweli?

JIBU: Dada au kaka yangu, kutokuwa kwako na raha ni dalili ya uadilifu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na mapokezi yanahitaji jina, namba ya faili, miadi na malipo, basi. Hofu ya mkuu wako nayo ina msingi, ila ina dawa. Daktari na muuguzi wapewe wagonjwa wa wodi na zamu zao, kisha uwepo mlango wa dharura: mhudumu anayehitaji faili lisilo lake anaandika sababu kwa maneno machache, anafunguliwa papo hapo bila kusubiri idhini ya mtu, na mfumo unaweka kumbukumbu ya jina lake na saa. Muuguzi mkuu aipitie orodha hiyo kila asubuhi. Akiona mlango wa dharura umefunguliwa mara kadhaa na wahudumu wa idara moja kwa sababu ileile, ajue kwamba jukumu lao lilipangwa pungufu, na ruhusa hiyo iongezwe humo rasmi. Akiona umefunguliwa kwa ajili ya faili la mtu ambaye hakulazwa wala kuletwa hospitalini usiku huo, amwite aliyeufungua ajieleze.