Mtoto Akiiamkia Mashine

Siku ya kwanza tulipoijaribu programu yetu ya hadithi na watoto wa darasa la pili, binti mmoja alisogeza mdomo karibu na tableti akasema, "Shikamoo." Akasubiri. Mashine ikajibu, "Habari! Nikusaidie nini leo?" Akanitazama kama anayeuliza amekosea wapi.

Wewe unayeanza kazi hii ya kutengeneza programu za watoto, anzia hapo. Mtoto anayeiamkia mashine amekwisha kuipa cheo cha mkubwa, na neno la mkubwa hufuatwa. Desemba 2021 huko Marekani, msichana wa miaka 10 aliiomba Alexa, mashine ya kampuni ya Amazon inayojibu kwa sauti, jambo la kujaribu. Ikamwambia agusishe sarafu kwenye ncha za plagi iliyochomekwa nusu! Bahati mama yake alikuwepo. Ilikuwa imeuokota ushauri huo kwenye intaneti, na Amazon wakarekebisha. Kwa hiyo kila jibu lisome kama amri, ujiulize litamfikisha wapi mtoto aliye peke yake sebuleni.

Siku hizi yetu ikiamkiwa husema: "Asante kwa adabu yako. Mimi si mtu, ni programu ya kompyuta, na huwa nakosea." Wenzangu walitaka ijibu "marahaba", nikakataa katakata, maana anayeitikia hivyo amekubali ukubwa.

Futa pia maneno ya kumbembeleza asiondoke. Anayetaka kwenda kucheza aende, hadithi imngojee alipoishia. Utamu uwe ndani ya hadithi yenyewe: sungura akinaswa, mtoto aamue atokeje. Hapo ndipo walipochangamka na kugombea zamu, wala si kwenye zile nyota na makofi tuliyoyahangaikia wiki mbili. Jina, shule na mtaa usimuulize kabisa. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 inadai idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto, lakini usichokusanya hakiwezi kuvuja.

Lililonikosesha usingizi ni mtoto atakayesema anapigwa nyumbani. Tulikuwa tumeandika, "Mwambie mzazi wako." Mwalimu mmoja akauliza, "Na kama mpigaji ndiye mzazi?" Chumba kizima kilinyamaza. Sasa jibu linamtaja mwalimu au mkubwa mwingine anayemwamini, pamoja na namba 116 ya kusaidia watoto, inayopigwa bure Tanzania na Kenya. Liliandikwa na watu, neno kwa neno, na mashine haina ruhusa ya kuligusa.