Maswali na Majibu: Picha ya Jino Inamwonyesha Nini Daktari?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii, kutoka mjini Mwanza hadi visiwani, zinauliza kuhusu picha za meno na taya. Nimezijibu nikiwa na imani moja: picha hupigwa kwa sababu kuna swali ambalo macho ya daktari hayawezi kulijibu, na mgonjwa ana haki ya kulijua swali hilo kabla ya kukaa mbele ya mashine.

Swali (Igoma): Gego langu la juu linauma usiku, lakini nikijitazama kwenye kioo sioni tundu lolote. Daktari ameagiza nipigwe picha kabla hajaligusa. Je, kuna ulazima, au ni kuniongezea gharama tu?

Jibu: Daktari wako amefanya vyema. Magego mawili yanayogusana huanza kuoza mara nyingi palepale yanapogusana, mahali ambapo jicho halifiki hata kwa msaada wa kioo kidogo cha daktari. Kwa ajili hiyo mgonjwa huuma kibao kidogo kinachopokea mionzi, na sehemu iliyooza hutokea kwenye skrini kama doa jeusi ndani ya weupe wa jino. Picha ya aina nyingine huchukua jino zima mpaka ncha ya mzizi. Ikiwa usaha umekaa hapo muda mrefu, mfupa wa eneo hilo huwa umeliwa, nao huonekana kama duara jeusi chini ya ncha. Tatizo la kwanza, likiwahiwa, huzibwa siku hiyohiyo. La pili hudai kusafishwa kwa mizizi au kung'olewa kwa jino. Picha nayo ina mipaka yake, kwa kuwa jino hupoteza kiasi cha theluthi moja ya madini yake mahali palipooza kabla doa halijaonekana, na usaha wa siku chache huweza usionekane kabisa. Ndiyo maana daktari bado ataligonga jino, ataligusisha kitu cha baridi na kukuuliza maumivu yalianza lini. Mimi huumia sana ninapoona gego lililofaa kuzibwa limeng'olewa kwa sababu tu hakuna aliyetazama mizizi yake.

Swali (Kirumba): Nina ujauzito wa miezi mitano na jino limevimba. Je, eksirei haitamdhuru mtoto?

Jibu: Hapana, mama, ilimradi picha inahitajika kwa matibabu yako, na umwambie daktari kuhusu ujauzito kabla hajaanza. Picha moja ya jino kwa mashine ya kidijitali kwa kawaida haifikishi maikrosivati 10 (maikrosivati ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili), wakati mionzi ya asili itokayo ardhini, angani na kwenye chakula humpatia mtu wastani wa maikrosivati 2,400 kwa mwaka. Aidha, mionzi huelekezwa kwenye taya, mbali na tumbo. Mwaka 2024 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitangaza kuwa aproni ya risasi, yaani vazi zito la madini ya risasi linalokinga mwili na mionzi, si ya lazima tena katika picha za meno, lakini ukivalishwa usishangae, maana kila nchi ina utaratibu wake. Hapa kwetu mashine hizo husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, na si vibaya kuuliza kama ya kliniki yako imekaguliwa. Kuacha usaha ueneze maambukizi ni hatari kubwa zaidi kwako na kwa mtoto.

Swali (Buswelu): Nimepigwa picha ya taya zima kwa ajili ya gego la mwisho la chini, sasa naambiwa nikapige nyingine ya pande tatu. Kwa nini mbili?

Jibu: Ndani ya taya la chini hupita neva inayoupa mdomo wa chini na kidevu hisia. Picha ya taya zima ni bapa: ikionyesha mzizi na mfereji wa neva vimepishana, haisemi kipi kiko mbele na kipi nyuma. Katika picha ya pande tatu mashine huzunguka kichwa, kisha kompyuta huunganisha taarifa, na daktari huweza kulipitia taya tabaka kwa tabaka. Hata hivyo mionzi yake huweza kufika makumi au hata mamia ya maikrosivati, na bei yake ni kubwa zaidi. Ikiwa mizizi iko mbali na mfereji, picha bapa inatosha.

Swali (Magu): Mwanangu wa miaka 6 amevimba shavu kwa wiki mbili na magego yake yanacheza. Dawa za usaha hazijasaidia.

Jibu: Tafadhali mpeleke hospitali leo. Huenda ni jino bovu, lakini katika ukanda huu wa Ziwa ipo saratani ya watoto iitwayo limfoma ya Burkitt, iliyopewa jina la daktari Denis Burkitt aliyeieleza mwaka 1958 akiwa Uganda, na ambayo hupatikana zaidi kwenye maeneo yenye malaria nyingi. Mara nyingi hujitokeza kwenye taya. Katika picha ya kawaida, kila mzizi huzungukwa na mstari mwembamba mweupe. Ugonjwa huu huweza kuufuta mstari huo mapema, na baadaye meno yakaonekana kama yanaelea bila mfupa. Picha humfanya daktari ashuku, lakini uthibitisho hupatikana kwa kuchukua kinyama na kukipima. Uvimbe wa aina hii hukua kwa kasi ya kutisha, ila huitikia vizuri dawa za saratani zinapoanzishwa mapema. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando ina huduma za saratani. Omba rufaa, usikubali jino ling'olewe kwa kubahatisha.

Swali (Nansio, Ukerewe): Daktari wetu aliipiga skrini picha kwa simu, akaituma kwa bingwa Mwanza. Je, inatosha?

Jibu: Kwa ushauri wa awali inaweza kufaa, na huenda ikakuokolea safari ya kivuko. Lakini mng'ao wa skrini hufuta mistari myembamba ambayo bingwa anaitafuta, kwa hiyo omba faili halisi kutoka kwenye kompyuta, lenye jina lako, tarehe na alama ya upande wa kulia au kushoto, litumwe moja kwa moja kwa daktari na si kwenye kundi la simu. Nawe bakiza nakala, kwani mwakani ikilinganishwa na picha mpya itaonyesha kama mfupa unaozunguka mzizi wa jino lako, iwapo ulikuwa umeliwa, umeanza kurudi.