Blanketi la mtoto la vipande vya kitenge, litakalostahimili beseni

Blanketi la mtoto hukojolewa, humwagiwa uji na kuburutwa sakafuni. Litafuliwa mara nyingi kuliko shuka lolote la nyumbani, kwa hiyo kila unachoamua, kuanzia kipande cha kwanza, kiamue kwa kufikiria beseni.

Mfuko wa mabaki kutoka kwa fundi huwa na kila kitu: kitenge, satini, lesi, sare za shule. Chukua pamba tupu, mengine yarudishe. Pamba na tetroni, yaani kitambaa cha nyuzi za plastiki, hazinywei sawasawa. Ukizishona pamoja, baada ya kufuliwa mara mbili tatu pamba inavuta, tetroni inabaki ilivyokuwa, na uso mzima unakuwa na mawimbi yasiyonyooka hata kwa pasi. Kama huna hakika, chomoa nyuzi chache uzichome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Tetroni huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Fua kabla ya kukata. Kitenge kipya hukakamaa kwa sababu ya gundi ya kiwandani, na ikitoka kitambaa hunywea. Vipande vyekundu na vya bluu iliyokolea, hasa vya khanga, vipime kwanza: kilowe maji, kifunike kwa kitambaa cheupe, piga pasi ya moto. Cheupe kikishika rangi, fua tena. Kikiendelea kuchuja baada ya mara tatu, usikitumie, kwa sababu kitaharibu vipande vyote vya jirani.

Kipimo ninachokipendelea ni miraba ya sentimita 17. Mshono ukila sentimita 1 kila upande, inabaki 15. Miraba 6 kwa upana na 7 kwa urefu ni 42, na blanketi linatoka sentimita 90 kwa 105, linamtosha mtoto mpaka atakapoanza shule. Kiolezo cha kadi huliwa na mkasi, na miraba ya mwisho inatoka midogo kuliko ya kwanza. Kata kiolezo kwenye mfuniko wa ndoo ya rangi. Kiweke kifuate nyuzi za kitambaa, kisikae hanamu, maana kipande kilichokatwa hanamu hunyumbuka mkononi hata kabla hakijafika kwenye cherehani.

Kazi nyingi huharibikia kwenye upana wa mshono. Ukizidisha milimita 2 tu, kila mshono unakula milimita 4, kwa sababu unakula pande zote mbili. Safu ya miraba 6 ina mishono 5, basi safu hiyo imepungua sentimita 2 na haitalingana na ya chini yake. Wengi huivuta ifike, usivute. Bandika utepe wa gundi kwenye bamba la cherehani, sentimita 1 kutoka kwenye sindano, ukingo wa kitambaa ufuate hapo. Na usipunguze mshono chini ya sentimita 1 ili kuokoa kitambaa. Kitenge hufumuka nyuzi, na mshono mwembamba huachia baada ya miezi michache.

Safu zikishashonwa, laza mishono kwa pasi: safu ya kwanza yote kulia, ya pili yote kushoto, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukizikutanisha, mishono inakaana bega kwa bega na pembe zinakutana zenyewe. Pasi ikandamizwe na kuinuliwa, isiburutwe.

Katikati weka blanketi kuukuu jepesi au, kwa joto la pwani, shuka lililochakaa. Sufi sishauri: ikilowa hujikusanya pembeni, na hukawia kukauka. Bitana na kitambaa cha katikati vizidi uso kwa sentimita 3 au 4 kila upande, maana vitasogea. Tandaza bitana sakafuni ikiwa imenyooka, weka cha kati, weka uso juu, kisha piga bandi, yaani mishono ya mkono ya kushikiza kwa muda, kubwa kubwa kutoka katikati kwenda nje. Ukianza pembeni, hewa na mikunjo hujikusanya katikati na huna pa kuipeleka. Mshono wa cherehani nao uanzie katikati, ukifuata mistari ya miraba, kwa hatua ndefu ya milimita 3.

Punguza kingo, kisha kata vipande 4 vya pindo vya upana wa sentimita 5 kutoka kwenye kitenge cha upana kamili. Ukiviunga vinatosha kuzunguka sentimita 390 na kubaki vya kukunjia pembe. Usiache kingo wazi kwa kudhani zigizaga inatosha. Ukingo ndio unaovutwa zaidi.

Usishone vifungo wala shanga. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilale amefunikwa nalo, kwani likimfunika uso hawezi kulitoa. Mtandikie sakafuni achezee juu yake. Na kabla ya kuanza kubana kwa pini, zihesabu uandike idadi kwenye karatasi. Ukimaliza, hesabu tena. Ikipungua hata moja, papasa mraba kwa mraba, au pitisha sumaku, mpaka uione.