Daftari Nalo ni Sehemu ya Mtambo

Mhariri, wiki hii mmetuuliza iwapo wanawake wanatambuliwa ipasavyo katika miradi ya teknolojia vijijini. Kwa ninavyoona hapa Rongai, kaunti ya Nakuru, wanahesabiwa lakini hawatambuliwi.

Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana madini ya floraidi yanayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na ndiyo sababu huku utakutana na watu wenye meno ya kahawia ambao hawajawahi kugusa sigara. Kibanda chetu cha maji kina chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mkaa huo hunasa floraidi mpaka ushibe, na ukishashiba maji hupita kama yalivyoingia, bila kubadilika rangi wala ladha. Kwa kuwa vipimo vya maabara si vya kila wiki, kinachotuonya kwamba mkaa umekaribia kuchoka ni hesabu ya maji yaliyokwisha kupita.

Hesabu hiyo huwekwa na mama anayeuza maji, kwa penseli, mstari mmoja kwa kila mtungi wa lita 20, katika daftari ambalo jalada lake limelowa hadi likavimba. Mwaka jana alisema mkaa umechoka. Kamati ikamwambia amsubiri fundi. Fundi alipokuja akapima, akasema yale yale, na kumbukumbu za mkutano zikaandika kwamba fundi ndiye aliyegundua tatizo. Wageni wakija, mwenyekiti huwaeleza habari za chujio, naye mwenye daftari huandaa chai, ambayo, sikatai, ni nzuri.

Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 chataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, nasi tukakifuata kwa kuweka wanawake watatu katika kamati ya watu tisa. Theluthi hiyo huhesabu viti tu. Haiulizi ni nani aliyepelekwa mafunzoni. Kwetu, waliopelekwa kujifunza kupima maji na kubadilisha mkaa walikuwa vijana wawili wa kiume, na mmoja wao siku hizi anaendesha bodaboda Nairobi.

Mafunzo yakitangazwa tena, napendekeza jina la kwanza liwe la mama huyo, na kazi yake ya kuweka hesabu iingizwe kwenye bajeti kama ilivyo ya fundi. Kwa sasa hata penseli hujinunulia mwenyewe.