Ukialikwa na rafiki wa kujitolea ng'ambo ya Songwe

Wadogo zangu mnaoanza kujitolea hapa Mbeya, kambini mtakutana na Wamalawi, na siku ya kuagana watawaambia, "Karibuni nyumbani." Upokeeni mwaliko huo, maana ni wa kweli. Nimewatembelea wenzangu wa Karonga na Mzuzu, miji ya kaskazini mwa Malawi, na inaniuma kuona wengi wetu tunauacha upite kwa kudhani kwenda nje ni lazima ndege na viza. Mtanzania haombi viza kwa matembezi ya Malawi. Gari la Kasumulu, mpakani, linapita Uyole na Tukuyu, kisha unavuka daraja la mto Songwe. Beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Wabadilisha fedha watakuzonga mapema. Badilisha kwacha za nauli tu, uzihesabu mwenyewe. Saa yako irudishe nyuma saa moja.

La kuzingatia kuliko yote ni kwamba mwenyeji wako si mwongoza watalii. Kambini wote mlikuwa mbali na kwenu. Kwake ana kazi, ana wazazi, pengine ana wadogo anaowasomesha. Muulize siku zake za mapumziko kabla hujapanga safari, na siku nyingine toka mwenyewe. Karonga kuna makumbusho yenye kiunzi cha Malawisaurus, dainosaria ambaye mifupa yake ilifukuliwa wilayani humo. Nenda yeye akiwa kazini. Jioni mtakuwa na la kuzungumza. Hutapotea, kwani Wangonde wa pale na Wanyakyusa wanasikilizana vizuri. Ukifika Mzuzu, huko ni Kitumbuka.

Siku yake ya mapumziko itunzieni Livingstonia, mji wa misheni ulio juu mlimani. Mnaanzia Chitimba kando ya Ziwa Nyasa, mnapanda barabara ya Gorode yenye kona kali 20, na gari likikata kona unaona ziwa lote chini ya miguu yako. Wamisionari wa Uskoti, wakiongozwa na Dk. Robert Laws, walihamia huko juu mwaka 1894 baada ya malaria kuwaandama ufukweni. Nyumba yao ya mawe bado imesimama, ni makumbusho na wageni hulala humo. Shukeni pia mpaka maporomoko ya Manchewe. Nyuma ya maji kuna pango ambalo wenyeji husimulia kwamba watu walijificha humo wakiwakimbia wakamata watumwa. Msikilize anayekusimulia, usikimbilie kupiga picha. Anga likiwa safi, simama ukingoni utazame mashariki: ile milima ya ng'ambo ni ya kwetu, safu ya Livingstone. Sisi tuliozoea kuliona ziwa hili tukiwa Matema, upande wetu, tunaliona upya kabisa.

Mezani msianzishe ubishi wa mpaka wa ziwani. Wao wanashika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, unaoupitisha mpaka ufukweni mwetu, sisi tunasema mpaka upite katikati, na mama aliyekupikia nsima (ugali) na usipa (dagaa wa ziwani) hahusiki.

Zawadi ni majani ya chai ya Rungwe, nayo mkabidhi mama mwenye nyumba siku ile ile ya kufika. Ukikaa zaidi ya siku mbili, fuatana na vijana wa nyumbani sokoni ununue mboga na mafuta. Ukimpa mwenyeji pesa mkononi atakataa. Na kabla ya kuondoka, kubalianeni tarehe ambayo yeye atakuja Mbeya, uwaarifu wa nyumbani mapema, umpokee Kasumulu.